Kobe wangu ni dume au jike? Bwana Mifugo anawajibu wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu kutoka mikoa yetu ya kusini zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mfugaji amekaa na kobe wake miaka kadhaa, amempa jina, amemzoea, na sasa anataka kujua kama ni dume au jike. Nimechagua barua sita, nikianza na ile ambayo jibu lake litawafaa wengi.

SWALI (Shangani, Mtwara Mjini): Shikamoo Bwana Mifugo. Marehemu mjomba wangu alituachia kobe wawili wa nchi kavu, wenye madoa meusi na rangi ya manjano, pamoja na kibali chao. Yule mkubwa watoto walimwita Bibi kwa sababu ni mpole, na miaka yote tumeamini kuwa ni jike. Tangu mvua za Desemba zianze, Bibi amekuwa akimpanda mwenzake karibu kila asubuhi. Jirani anasema huyo ni dume na jina libadilishwe. Je, ni kweli? Na kwa nini hatukuliona hilo mapema?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba wa mjomba. Jirani yako huenda yuko sahihi, lakini ushahidi anaoutegemea ni dhaifu. Kobe jike naye huweza kumpanda mwenzake, hasa anapotaka kuonyesha nani mwenye uwanja, kwa hiyo kupandana peke yake hakutoshi kubadilisha jina la mnyama. Mkagueni kwanza.

Chukueni ndoo ya plastiki, ipindueni, kisha mwekeni Bibi juu ya kitako chake ili miguu isiguse ardhi, na mmoja wenu akae karibu asije akaanguka. Halafu nyamazeni na msubiri. Kobe aliyeshikwa mikononi huingiza kila kitu ndani, mkia ukiwemo, na hapo hata mtaalamu haoni kitu; lakini akikaa juu ya ndoo dakika chache bila kusumbuliwa, huanza kunyoosha miguu akiitafuta ardhi, na mkia nao hushuka taratibu. Mkia wa dume aliyekomaa ni mrefu, mnene kwenye shina, na mara nyingi huwa ameukunja kuelekea ubavu mmoja. Mkia wa jike ni mfupi, hauchomozi zaidi ya kidole gumba cha mtoto. Tazameni pia lile tundu moja lililo chini ya mkia, ambalo kobe hulitumia kwa haja zote na kwa uzazi: kwa dume liko mbali na mwili, kuelekea ncha ya mkia, na kwa jike liko karibu na shina. Sababu yake ni rahisi kuielewa, kwani uume wa kobe umehifadhiwa ndani ya mkia, na dume asiye na mkia mrefu asingeweza kulifikia tundu la jike chini ya gamba zito kama lile.

Mkimaliza mkia, nendeni kwenye gamba la tumboni. Mtu mmoja amwinue Bibi akiwa amelala sawa, asimpindue chali, na mwingine alaze rula chini ya tumbo kuanzia mbele kuelekea nyuma. Kwa dume mtaona mwanga ukipita kati ya rula na gamba, kwa sababu tumbo lake limebonyea kama sahani, ili aweze kukaa juu ya mgongo wa mviringo wa jike bila kuteleza. Kwa jike rula hulala bapa, maana mwili wake unahitaji nafasi ya kubeba mayai. Dalili ya tatu ni vile vipande viwili vya mwisho vya gamba la tumboni, vilivyo chini kabisa karibu na mkia. Kwa dume vimetanuka na kuacha uwazi mpana ili mkia upate kugeuka huku na huku, na kwa jike pengo hilo ni jembamba zaidi. Dalili zote tatu zikikubaliana, mmepata jibu. Zikipingana, subirini mwaka mwingine.

Umeuliza kwa nini hamkuliona mapema. Kobe mchanga hana dalili hizi. Dume na jike huzaliwa na mkia mfupi na tumbo bapa, na tofauti hujitokeza kadiri mwili unavyokua. Nasema mwili, sisemi miaka. Kobe wawili waliotoka katika kiota kimoja, mmoja akalishwa vizuri na mwingine akabaki porini kwenye kiangazi kirefu, wanaweza kutofautiana sana kwa ukubwa wakiwa na umri uleule, na aliyekua haraka ndiye atakayeonyesha dalili kwanza. Kwa aina hii yenye madoa, mimi siapi kabla gamba halijapita sentimita 20, nikipima kwa mstari ulionyooka na si kwa kufuata mviringo wa mgongo. Wala msihesabu miduara iliyo kwenye gamba mkidhani kila mmoja ni mwaka, kwa sababu kobe anayepata chakula kingi huweza kuongeza zaidi ya mduara mmoja katika mwaka mmoja.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimwambia mama mmoja wa Mingoyo kwamba kobe wake ni dume, kwa kuwa tu alikuwa mdogo kuliko wenzake wawili. Miaka michache baadaye kobe yule alitaga. Tangu siku hiyo ukubwa ninauweka mwisho kabisa katika orodha ya dalili, na ninaomba nanyi mfanye hivyo.

Kama itathibitika kuwa Bibi ni dume na mwenzake ni jike, mwangalieni sana huyo jike. Dume mwenye hamu humsukuma na kumgonga kwa gamba siku nzima, na jike asiye na pa kujificha huacha kula. Zungusheni sehemu ya uwanja kwa tofali au mbao ili apumzike, au waachanisheni kabisa kwa wiki kadhaa. Na kama wote wawili ni madume, msiwaweke pamoja hata kidogo, maana atakayepinduliwa chali juani saa sita mchana, kwa joto la Mtwara, anaweza kufa kabla hamjarudi kutoka sokoni. Jina la Bibi liacheni kama watoto wanalipenda.

SWALI (Nachingwea): Mwanangu wa darasa la nne amepewa na babu yake vitoto viwili vya kobe, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kiberiti. Ananiuliza kila siku yupi dume na yupi jike. Nimwambie nini?

JIBU: Mwambie kwamba kwa macho hatuwezi kujua sasa, na kwamba swali lake ni zuri kuliko anavyodhani, kwa sababu linatupeleka kwenye jambo ambalo wafugaji wa kuku na mbuzi hawalijui.

Kwa binadamu, kuku na mbuzi, jinsia huamuliwa na vinasaba tangu mimba inapotungwa au yai linapoanza. Kwa kobe wengi sivyo. Yai la kobe likishafukiwa ardhini halina jinsia bado. Kinachoamua ni joto la udongo unaolizunguka, hasa katika theluthi ya kati ya muda wa kuatamia. Udongo ukiwa na ubaridi kiasi, hutoka madume. Ukiwa na joto zaidi, hutoka majike. Na katikati ya hapo hutoka mchanganyiko. Kasa wa baharini wako hivyohivyo, na kwao mpaka huo uko karibu na nyuzi 29 za Selsiasi, ambapo tofauti ya nyuzi mbili au tatu tu inatosha kugeuza kiota kizima kuwa cha jinsia moja. Mchukue mwanao siku moja mchana, mguu mmoja auweke kwenye udongo ulio chini ya mkorosho na mwingine kwenye udongo wa shamba lililo wazi. Atakachokihisi nyayoni ndicho kinachoamua hatima ya yai.

Hii ndiyo sababu ninahuzunika ninapoona vivuli vinaondolewa kwenye fukwe wanakotagia kasa, pamoja na joto la dunia linavyoongezeka. Katika ufuo wa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kila kasa mnayemwona usiku akipanda mchangani kuchimba ni jike. Dume akishaingia baharini akiwa mchanga, kwa kawaida hatoki tena, na wavuvi wanaomwona majini humtambua kwa mkia mnene unaochomoza mbali nyuma ya gamba. Mchanga ukiwa wa moto kupita kiasi miaka mingi mfululizo, watazaliwa majike wengi na madume wa kuwapanda watakuwa haba.

Kwa vitoto vyenu, pimeni urefu wa gamba kila mwezi na mwandike kwenye daftari, pamoja na picha ya mkia ikiwezekana. Mwanao atapoanza kidato cha kwanza huenda akawa amepata jibu lake, au akawa bado anasubiri. Anawe mikono kwa sabuni kila anapowashika, kwa kuwa kobe hubeba bakteria wa salmonela bila wenyewe kuugua, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba lisilofika sentimita 10 hivi mwaka 1975 kwa sababu hiyohiyo, maana watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Na kuhusu walikotoka vitoto hivyo, tafadhali soma jibu langu la mwisho katika ukurasa huu.

SWALI (Ligula, Mtwara Mjini): Tulinunua Dar es Salaam kobe wawili wa majini, wadogo kama sarafu, wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Sasa mmoja ni mkubwa kama sahani ya wali, na mwingine ni nusu yake lakini ana kucha ndefu sana za mbele. Mdogo humfuata mwenzake na kumtikisia kucha usoni. Anaumwa? Au anampiga?

JIBU: Haumwi na wala hapigi, anaposa. Kobe wa aina hiyo asili yake ni mabonde ya mto Mississippi, Marekani, na ni miongoni mwa wachache ambao kucha husema zaidi kuliko tumbo. Dume huota kucha ndefu kwenye miguu ya mbele, na anapomtaka jike humtangulia majini, humgeukia uso kwa uso, na kuzitetemesha kucha hizo pembeni mwa mashavu yake. Jike ana kucha fupi, na mwili wake huwa mkubwa zaidi. Kwa barua yako, mdogo ni dume na mkubwa ni jike, na mkia wa mdogo, ukiutazama, utauona ni mrefu na mnene, tundu likiwa limepita ukingo wa gamba.

Dume wa aina hii hukomaa akiwa na gamba la sentimita 10 hivi, wakati jike huhitaji kufika 15 au zaidi, ndiyo maana madume hujulikana mapema na majike huchelewa. Mtu mwenye kobe mdogo mwenye kucha fupi hapaswi kusema "ni jike". Anachoweza kusema ni kwamba kucha hazijaota bado.

Jike wenu ataendelea kukua, anaweza kupita sentimita 25, na beseni halitamtosha. Hapo watu wengi hushawishika kumwachia mtoni. Nakusihi, usimpeleke Ruvuma, wala Ziwa Kitere, wala dimbwi lolote. Kobe huyu yumo katika orodha ya viumbe wageni 100 wanaoharibu zaidi mazingira duniani, kwa sababu huwanyang'anya kobe wenyeji chakula na sehemu za kuota jua. Mjengeeni bwawa la saruji uani, lenye sehemu kavu.

SWALI (Mikindani): Bwana Mifugo, nilimlowesha kobe wangu kwenye karai la maji ya uvuguvugu, mara kikatoka nyuma kitu cheusi cha zambarau, kipana kama ua, kikarudi ndani baada ya muda. Mke wangu alilia akisema utumbo umetoka. Nifanye nini?

JIBU: Mpe mama pole na umwambie kobe wenu ni dume. Hicho ni uume wake, na madume wengi huutoa wanapokuwa katika maji ya uvuguvugu au wanapotulia. Kwa mfugaji asiyejua hutisha sana, na nimepigiwa simu usiku kwa jambo hilihili zaidi ya mara moja. Kwa kuwa ulirudi wenyewe, hakuna la kufanya, isipokuwa kukumbuka kwamba sasa mmepata ushahidi usiobishaniwa kuliko mkia na rula.

Hatari ipo pale usiporudi. Ukikaa nje saa moja au mbili, ukaanza kukauka, kuvimba au kuguswa na mchanga, mtoe kobe kwenye udongo, umweke kwenye kitambaa safi kilicholowa, paka mafuta laini ya kujipaka yasiyo na manukato, mtenge na wenzake wasije wakamng'ata, na umwahishe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usijaribu kuusukuma kwa vidole.

SWALI (Lindi Mjini): Kobe wangu wa nchi kavu anaishi peke yake miaka sita. Wiki hii hali, anazunguka ua mzima na kufukua kwa miguu ya nyuma, kisha anaacha. Hajawahi kukutana na dume. Je, ni mgonjwa?

JIBU: Huenda anatafuta pa kutagia. Jike aliyekomaa huweza kutengeneza mayai bila dume, kama kuku wa mayai, ila hayataangua. Na kama uliwahi kumpata akiwa mkubwa tayari, fahamu kwamba jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miaka kadhaa, kwa hiyo hata mayai yenye uhai yasikushangaze.

Mfukulie kona yenye jua, udongo wake uwe laini, wenye kina kinachozidi urefu wa miguu yake ya nyuma, na uumwagie maji kidogo ushikamane. Sakafu ya saruji ndiyo adui mkubwa wa majike wetu wa mjini. Kobe akikosa udongo huyashikilia mayai tumboni, na wengine hufa nayo. Mkiona ameacha kula kabisa, amelegea miguu ya nyuma au anajikamua bila kutaga, mpelekeni kwa daktari, naye anaweza kumpiga picha ya eksirei. Akipata sehemu nzuri atailowesha kwa mkojo wake, atachimba shimo lenye umbo la chungu, atataga, na kufukia kwa uangalifu hadi usiweze kupaona. Aina yenye madoa huweza kutaga mayai machache kama 5 au mengi kama 30 kwa mkupuo mmoja.

Wewe unaishi karibu na bahari, basi tembea ufukweni uokote ule mfupa mweupe wa ngisi unaoletwa na maji, uuoshe chumvi, uukaushe, na umwekee autafune anapotaka. Chokaa inayotengeneza maganda ya mayai huitoa kwenye mwili wake mwenyewe, na asipopata nyingine gamba na mifupa vyake hudhoofika.

SWALI (Newala): Wakati wa palizi tulimkuta kobe chini ya mikorosho. Nusu ya nyuma ya gamba lake hujifunga kama mlango, na mkia wake una ncha ngumu kama kijipembe. Tunataka kumfuga na kumtafutia mwenza. Tutajuaje jinsia yake?

JIBU: Ndugu zangu, aina hiyo yenye bawaba kwenye gamba la mgongoni ni wenyeji wa misitu na mashamba yetu. Dume ana mkia mrefu zaidi na mnene, na tumbo lililobonyea kidogo; jike ana mkia mfupi. Ile ncha ngumu peke yake isiwadanganye, tazameni urefu.

Lakini kumtafutia mwenza hapana. Kobe wa porini ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haruhusiwi kuchukuliwa wala kumilikiwa bila kibali. Aliyenaye tayari nyumbani aende akaulize ofisi ya maliasili ya wilaya au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, kabla hajakamatwa naye. Nawaambia hili pia kwa ajili ya kobe wenyewe. Jike mmoja anayeondolewa shambani ni mayai ya miaka mingi yanayoondoka naye, na wale waliobaki wanakutana na moto wa kusafishia mashamba kila kiangazi. Nimewaona wenye makovu meupe mgongoni, mahali gamba lilipoungua hadi mfupani, na bado wanatembea.

Mrudisheni jioni jua likipungua, chini ya mkorosho uleule mliomkuta. Na kama alikuwa akivuka njia, mvusheni upande aliokuwa akielekea, kwa sababu mkimrudisha alikotoka ataianza upya safari ileile. Msimu wa kusafisha mashamba ukifika, piteni kwanza na fimbo mkipekua majani makavu na vichaka kabla ya kuwasha moto.